Betri Inalala Nzima, Inaamka Imekufa

Wiki mbili gari yangu hapa Wete imenitia aibu. Alfajiri nimewahi abiria wa Chake Chake, nazungusha funguo, inalia "tik" basi. Kila mtu: nunua betri mpya. Sikununua.

Pima kwanza kwa mita ya umeme (multimeter). Betri iliyojaa, gari imezimwa, husoma kama volti 12.6. Injini ikiwaka ikapanda baina ya 13.8 na 14.5, alteneta inachaji.

Sasa mtafute mwizi wa usiku. Zima kila kitu, toa funguo, funga milango, maana taa za ndani zitakudanganya. Mita iweke ampea 10, na waya mwekundu uhamie tundu la ampea. Vua waya wa hasi wa betri, kisha mita ikae baina ya waya huo na kichwa cha hasi. Usithubutu kupiga stata hapo, utaunguza mita! Subiri nusu saa kompyuta za gari zilale. Mimi nilikunywa chai na mkate wa kumimina.

Chini ya ampea 0.05 haina neno. Yangu ilisoma 2.1: kwa masaa 10 zimekwenda ampea-saa 21 (ampea mara masaa), karibu nusu ya betri yangu ya ampea-saa 45, nayo kongwe.

Chomoa fyuzi moja moja, jicho kwenye mita. Ilipotoka ya redio, namba ikaanguka 0.03. Kumbe amplifaya ya muziki, aliyoifunga fundi mmoja, haikupitia swichi ya funguo. Inakesha peke yake. Nimeihamishia kwenye swichi.

Fyuzi zote zikitoka na namba haishuki, mshuku alteneta: dayodi zake, zinazozuia umeme usirudi nyuma, zikiharibika hunyonya betri gari ikiwa imelala.