Kuifanya simu janja ifanye kazi ya kompyuta ya mezani

Kabla hujanunua waya wala adapta, chunguza kwanza simu yenyewe, kwa sababu matundu ya USB-C yanafanana kwa sura lakini hayalingani kwa uwezo. Lipo tundu linalopitisha umeme wa chaja na mafaili tu, na lipo linaloweza pia kupeleka picha kwenye skrini ya nje kwa mfumo uitwao DisplayPort. Jambo hili nililijua baada ya hasara. Nilinunua adapta, nikaichomeka kwenye simu ya bei ya kati, kibodi ikaandika na mshale wa kipanya ukasogea juu ya kioo cha simu, lakini monita ikabaki nyeusi jioni nzima. Kesho yake niliirudisha adapta dukani nikidhani ni mbovu, nikabadilishiwa, na hali ikawa ileile. Kibodi na kipanya vinatosheka na USB ya kawaida, kwa hiyo kufanya kazi kwake hakuthibitishi kamwe kwamba picha nayo itapita.

Maelezo yanayofuata yanahusu DeX ya Samsung, yaani mfumo ndani ya simu unaoonyesha kwenye skrini ya nje uwanja wa kazi wenye madirisha kama wa kompyuta, ambao ndio ninaoandikia kazi zangu. Ilianza na Galaxy S8 mwaka 2017, ikihitaji kitako chake maalumu cha kusimamishia simu. Tangu Galaxy Note 9 ya mwaka 2018, adapta ya kawaida ya USB-C yenye tundu la HDMI (la waya unaopeleka picha kwenye monita au runinga) inatosha. Simu za daraja la S zinayo, ilhali karibu simu zote za daraja la A hazina, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, kwa kuwa daraja la A ndilo lililojaa madukani. Ukiingia kwenye mipangilio ya simu na kutafuta neno DeX bila kuona chochote, achana na simu hiyo kwa kazi hii. iPhone 15 nayo hutoa picha kwa USB-C, ila unachokiona kwenye monita ni nakala ya skrini ya simu, si uwanja wa kazi wenye madirisha. Kwa anayenunua simu iliyotumika, ushauri wangu ni kwenda na adapta yako mfukoni na kuomba kuichomeka kwenye runinga iliyopo dukani kabla ya kutoa fedha.

Adapta unayoihitaji ina angalau matundu manne: moja la HDMI, mawili ya USB ya kawaida kwa ajili ya kibodi na kipanya, na moja la USB-C la kupokea chaja, ambalo kwa kawaida huandikwa PD. Usikubali kuuziwa isiyo na hilo la mwisho, hata kama ni nafuu zaidi. Bila chaja, simu italazimika kulisha adapta, kibodi na kipanya kutoka kwenye betri yake huku ikichora picha ya skrini kubwa, na haitamaliza siku ya kazi. Chaja iwe ya wati 25 au zaidi, kwa kuwa adapta yenyewe hula sehemu ya umeme huo. Ivue simu kava, iweke mahali penye hewa, na kama mipangilio ya betri inaruhusu kuzuia chaji isizidi asilimia 80, washa kinga hiyo, maana simu inayokaa kwenye chaja mchana kutwa ikiwa na joto huchakaza betri yake mapema.

Unganisha vyote, kisha chomeka adapta kwenye simu mwishoni. Simu itakuuliza kama unataka kuanzisha DeX au kuonyesha tu skrini yake, chagua DeX. Ikiwa unatumia runinga badala ya monita, huenda ukakuta mstari wa chini wenye alama za programu umekatwa nusu, au mshale wa kipanya unachelewa kuufuata mkono. Kosa hapo si la simu. Runinga nyingi huikuza picha kidogo na kumeza kingo zake, na huichakata kabla ya kuionyesha. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya runinga, chagua ukubwa usiokata kingo, kisha weka hali ya kompyuta au ya michezo. Usipokuwa na kipanya, kioo cha simu chenyewe hugeuka kuwa sehemu ya kusogezea mshale, ingawa kwa kazi ndefu kinachosha vidole.

Katika kuandika ndiko faida inakoonekana. Madirisha mawili hukaa bega kwa bega, barua upande mmoja na jedwali upande wa pili, na vibonye vya Ctrl+C, Ctrl+V na Alt+Tab hufanya kazi vilevile ulivyozoea kwenye kompyuta. Umeme ukikatika, monita huzima lakini simu inaendelea kuwaka kwa betri yake, jambo ambalo kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba) haiwezi kukupa. Kwangu mimi hiyo pekee ni sababu tosha. Hata hivyo programu zinazofunguka ni zilezile za Android. Word na Excel za simu hazina kila kitu kilichomo katika zile za Windows, na faili la Excel lenye makro (amri zilizopangwa kufanya kazi zenyewe) litafunguka lakini makro hazitaendeshwa. Mhasibu anayetegemea programu iliyotengenezwa kwa Windows asiiuze kompyuta yake. Pale programu ya simu inapokuwa finyu mno, fungua huduma hiyohiyo kwenye kivinjari, kisha kiamuru kionyeshe tovuti kama inavyoonekana kwenye kompyuta. Mara nyingi utapata menyu zilizokosekana.

Kwa uchapishaji, printa yenye Wi-Fi iliyo kwenye mtandao mmoja na simu kwa kawaida huonekana yenyewe. Ukipeleka kazi steshenari, ihifadhi kwanza kama PDF ili mpangilio wa kurasa usivurugike kwenye kompyuta yao, na ukinakili kwenye flashi, iondoe kupitia mipangilio ya simu kabla ya kuichomoa.

Jambo moja zaidi kwa wanaofanya kazi mbele ya watu: arifa zote za simu hutokea kwenye skrini kubwa, ukiwemo ujumbe wa fedha zilizoingia pamoja na salio lako, ukisomeka hadi kiti cha mteja. Zizime kabla ya kuchomeka adapta.