Kushona vazi la mchawi wa Pendle, 1612

Kila sherehe ya kikundi chetu cha kuigiza historia, hapa Uingereza, lazima atokee mtu na gauni jeusi la satini na kofia iliyochongoka. Mimi nashona vazi la mchawi wa Pendle, eneo la Lancashire, kaskazini mwa Uingereza. Watu kumi walinyongwa Lancaster Agosti 1612 kwa kosa la uchawi, wengi wao wanawake wa kijijini, mafukara. Nguo zao zilikuwa sufu na kitani, na nyeusi iliyokolea ilikuwa rangi ya wenye pesa. Halafu sufu haishiki moto upesi. Satini ya nailoni ukikaa nayo karibu na moto wa kuni huyeyukia mwilini.

1. Shimizi. Ni nguo ya ndani, hukatwa kama kanzu: badani (kipande kikubwa cha mbele na nyuma), taharizi (pembetatu za kupanua ubavu), vikwapa (vipande vya mraba vya kwapani). Ukishawahi kushona kanzu, hapa huna kigeni.

Chukua kitani mita 2.5, upana sentimita 150, ukifue kwanza. Kata (vipimo kwa sentimita):
- badani moja, 70 kwa 220, ikunjwe mabegani
- mikono miwili, 50 kwa 50
- vipande viwili vya 25 kwa 70, kila kimoja ukikate mshazari upate taharizi nne
- vikwapa viwili, 14 kwa 14

Upande wa mshazari wa taharizi ushone kwenye badani, usije ukavutika. Pande zilizonyooka zikutane ubavuni. Kikwapa kishone kwenye mkono kwanza, ndipo mkono uende kwenye badani.

Shingo ndiyo mtego. Anza na upana wa 20, kina 8 mbele na 2 nyuma, kisha pasua sentimita 15 kifuani. Shimizi la kwanza nililikata kwa macho. Likateleza mabegani hadi kiunoni, likaishia kuwa aproni.

2. Sketi. Sufu ya kahawia au kijivu, mita 2. Unganisha paneli mbili upate mzunguko wa mita 3, uache upenyo wa sentimita 20 ubavuni. Piga mistari miwili ya uzi mnene, mishono ilingane juu na chini, vuta, marinda yajipange yenyewe, uyashone kwenye ukanda. Pindo liishie kwenye vifundo vya miguu. Huyu ni mtu wa kukanyaga tope.

3. Kizibao. Sufu nje, bitana mbili za kitani ndani, kibane. Kinafungwa mbele kwa kamba moja inayozunguka, kwa hiyo vitundu vya kulia na kushoto vipishane, kila baada ya sentimita 3. Usipige vile vya chuma. Ni vya karne ya 19. Toboa kwa msharasi wa fundi viatu: unasukuma nyuzi kando bila kuzikata, na tundu halifumuki. Kisha lizungushie uzi wa kitani uliopakwa nta, kila mshono ukivutwa kwa nguvu. Kitundu kimoja hunichukua dakika kumi, na ujira wangu wa kazi hii ni chai.

4. Kichwa, aproni na pini. Kofia ndogo ya kitani inayoficha nywele inatosha. Aproni ni mstatili na kamba. Kitambaa cha shingoni usikishone, kibane kwa pini za shaba ya njano. Kesi yenyewe ilianzia kwenye pini: Alizon Device alimwomba mchuuzi, John Law, akanyimwa, mchuuzi akaanguka amepooza upande mmoja. Ncha zielekeze chini, uzifiche ndani ya mkunjo, maana kwenye sherehe watu hukumbatiana.