Kukuza chachu ya bia katika joto la Malindi bila kuingiza vijidudu

Bia ya nyumbani ikitoka na ukali wa siki, mara nyingi ndoo kubwa haina kosa. Kosa lilifanyika siku moja au mbili kabla, kwenye chupa ya chachu, yaani lita moja ya maji ya kimea ambamo hamira hukuzwa kwanza kabla ya kumiminwa kwenye ndoo. Bia iliyokwisha iva ina kinga zake: uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia), pombe yenyewe, na uchachu wa pH 4 na kitu. Maji ya kimea yaliyopoa sasa hivi hayana pombe, uchachu wake haujafika hapo, na ya chachu kwa kawaida hayatiwi hopsi. Katika joto la pwani, bakteria wengi hugawanyika kila dakika 20 hadi 30, na hamira huchukua saa moja na nusu au zaidi. Atakayeingia kwa wingi mwanzo ndiye atakayeimiliki chupa, na lita moja hiyo ndiyo utakayoimimina kwenye lita 20.

Kabla ya kuosha chochote, jiulize kama chachu yenyewe inahitajika. Pakiti ya hamira kavu ya gramu 11 ambayo haijapitwa na tarehe haihitaji kukuzwa. Pangusa pakiti na makasi kwa spiriti, iloweke hamira katika mililita 110 za maji yaliyochemshwa yakapoa hadi nyuzi 30 au 35, ngoja dakika 15, basi. Kila chombo unachoongeza ni mlango mwingine wa vijidudu. Chachu ni kwa ajili ya hamira ya maji, au mashapo ya hamira uliyoyaweka kutoka bia iliyopita.

Osha kwanza, ua baadaye

Dawa haiui kijidudu kilichojificha chini ya ukoko. Loweka chupa, faneli na kipimajoto kwenye maji moto yenye sabuni isiyo na manukato, sugua kwa brashi, halafu inua chupa kwenye mwanga uangalie bega lake, pale shingo inapoanzia. Hapo ndipo povu la safari iliyopita huganda, na brashi iliyonyooka haipafiki. Nyumba nyingi hapa zina kisima cha maji ya chumvichumvi: sabuni haitoi povu na chombo hubaki na utando mweupe. Suuza mara ya mwisho kwa maji ya mfereji au ya mvua.

Ukiniuliza dawa ipi, jibu langu ni moto. Chupa ya kioo inayostahimili moto na vyombo vya chuma vichemshe dakika 15 ndani ya sufuria iliyofunikwa, uvitoe pale tu unapovihitaji. Kisichochemka kitie kwenye maji ya klorini. Kwa Jik au dawa nyingine ya kufulia ya asilimia 3.5, isiyo na harufu ya maua, mililita 6 kwa lita moja ya maji baridi hutoa takriban sehemu 200 kwa milioni. Loweka dakika 20, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa yakiwa yamefunikwa. Ukisuuza kwa maji ya bomba umerudisha ulichokitoa. Usiposuuza kabisa, klorini hushikana na kimea na bia hunuka bandeji, harufu isiyotoka tena. Chupa ya dawa iliyokaa miezi dirishani kwenye jua imepoteza nguvu, kwa hiyo nunua ndogo. Na usiichanganye kamwe na siki wala ndimu: hutoa gesi ya sumu.

Iodini ni nzuri pia, lakini iwe ile ya vyombo vya chakula. Nyingi za kuchovyea chuchu za ng'ombe, zinazouzwa kwenye maduka ya mifugo, zina vilainisha ngozi visivyofaa ndani ya bia.

Kupika na kupoza

Gramu 100 za unga wa kimea cha shayiri kwa lita moja ya maji hukupa uzito wa 1.036 hadi 1.040 (maji matupu ni 1.000). Usizidishe ukidhani unaishibisha hamira. Sukari nyingi huichosha. Chemsha dakika 15, ukikaa karibu kwa sababu hufurika ghafla. Dakika tano za mwisho, weka mfuniko ili mvuke uuchemshe nao.

Kupoza ndiko kunakowashinda wengi huku. Maji ya bomba ni ya vuguvugu, kwa hiyo sufuria ndani ya karai itakaa saa nzima ikiwa kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda. Tia barafu kwenye karai, si ndani ya kimea, maana barafu ya dukani haijachemshwa. Zungusha sufuria bila kufunua hadi ifike nyuzi 22 au 24.

Usipike kimea leo ukakifunga kwenye jari ili ukitumie wiki ijayo kikiwa rafuni. Kuchemsha kawaida hakuui mbegu za bakteria wa botulizimu, na kimea kisichochachuka ndicho mahali wanapotoa sumu. Kigandishe kwenye friza, au tumia presha kuka inayofikia nyuzi 121, dakika 15.

Kumimina

Zima feni, funga dirisha, ngoja vumbi litue. Upepo wa kaskazi unaingia na mchanga, na msimu wa maembe unaleta vinzi vinavyobeba bakteria wa siki miguuni. Kama nyumbani kuna mtungi wa mnazi, uwe chumba kingine: tembo limejaa hamira za mwituni na bakteria wake. Pangusa meza na mikono kwa spiriti ya asilimia 70, na ikauke kabisa kabla hujawasha moto wowote. Mimina haraka, tia hamira, tikisa kwa nguvu dakika moja iingie hewa.

Funika kwa foili iliyokunjwa kulegea shingoni, hewa chafu itoke. Vijidudu havipandi ukuta wa chupa, lakini sisimizi wanapanda, kwa hiyo simamisha chupa katikati ya beseni lenye maji ya sabuni kidogo. Ukivisha chupa kitambaa kibichi ili ipoe, kiishie chini ya shingo. Kikigusa foili kitavuta maji machafu hadi mdomoni.

Povu huonekana kati ya saa 6 na 12, na kwa joto letu saa 24 zinatosha. Harufu ya mkate au tofaa ni njema. Siki, bandeji, au utando mkavu juu ya maji: mwaga yote, usionje.

Jaribio la kujikagua

Pua hudanganyika, kwa hiyo kila mara fanya hivi. Kabla ya kutia hamira, pitisha mililita 100 za kimea kilichopoa kwenye faneli ileile hadi kwenye jari dogo lililouliwa vijidudu vilevile. Funika kwa foili, liweke karibu na chachu. Kimea hicho hakina hamira, kwa hiyo hakina sababu ya kubadilika. Kikitoa mapovu au kupoteza uangavu wake ndani ya saa 24, chachu nayo imeingiliwa. Usiimimine kwenye bia. Kikibadilika siku ya pili au ya tatu, bia inaweza kunusurika, lakini kuna hatua iliyolegea. Kikipita saa 72 kikiwa angavu, usafi wako unatosha.

Jari likifeli, usibadilishe mambo yote kwa pamoja. Anza na faneli na mpira wa kunyonyea kimea, kama unautumia, kwa sababu ndivyo vyenye mikwaruzo. Mpira uliogeuka rangi haurudi kuwa safi kwa dawa yoyote. Kata mwingine mpya, na ule wa zamani ukamwagilie bustani.