Hesabu ya 75%: namna ya kulinda mahudhurio yako chuoni

Mwaka wa kwanza wengi huona suala la mahudhurio ni kutishana tu. Ukumbi una watu mia tano, nani atajua kama fulani hayupo? Halafu wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho orodha inabandikwa kwenye ubao wa matangazo: hawa hawataingia chumba cha mtihani. Vyuo vingi vya Tanzania na Kenya hudai angalau 75% ya vipindi vya kila kozi, vingine theluthi mbili. Shika hayo maneno "kila kozi". Ukihudhuria kozi tano bila kukosa hata siku moja, hiyo haikusaidii chochote kwenye ya sita uliyokuwa ukiitoroka.

Kwa hiyo wiki ya kwanza kaa na ratiba upige hesabu. Tuseme muhula una wiki 15 za masomo na kozi ina kipindi kimoja kirefu kwa wiki. Asilimia 75 ya vipindi 15 ni 11.25, na kwa kuwa hakuna robo ya kipindi, unatakiwa uonekane mara 12. Nafasi ya kukosa ni mara 3 tu. Kozi yenye vipindi viwili kwa wiki ina vipindi 30. Unatakiwa 23, unaweza kukosa 7. Sasa angalia mtu aliyechelewa kuripoti wiki mbili akisubiri ada au bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi): kwenye ile kozi ya kwanza amebakiwa na nafasi moja mpaka muhula uishe. Malaria ikimpata mara moja, imeisha. Uliza pia kama idara inahesabu vipindi au saa, maana kipindi cha saa tatu kinaweza kukutoa tatu kwa mpigo.

Jua vilevile karatasi ya mahudhurio inasainiwa wapi. Kwenye kozi za pamoja zenye umati, mara nyingi lekcha haina karatasi. Mahudhurio huchukuliwa kwenye semina, na watu wanaosoma desa (maandishi ya somo yaliyonakiliwa) hosteli wakidhani wako salama ndio wanaonaswa hapo. Usisaini kundi la semina lisilo lako kwa sababu tu saa zake zinakufaa. Mwalimu wa kundi lako anaona pengo, na huyo mwingine hana jina lako kwenye orodha yake. Ukitaka kuhama, omba mapema na uhakikishe jina limehamishwa.

Unaposaini, andika namba ya usajili yote, si tarakimu za mwisho tu, na uangalie mstari usije ukasaini kwa jirani yako. Karatasi ikizunguka mwanzoni mwa kipindi, ukichelewa dakika 20 unaweza kuikuta imeshafika mbele. Kama mnajaza kwa simu, hakikisha una bando, na upige picha ya skrini inayoonyesha umepokelewa.

Kumsainia mwenzako ni kosa la nidhamu kwenu wote wawili, na kukamatika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: mwalimu anahesabu vichwa anapata 43, anahesabu saini anapata 61, kisha anaanza kuita majina.

Ukiugua, nenda zahanati ya chuo upate ED, yaani cheti cha daktari cha kukuruhusu kupumzika. Ukitibiwa hospitali ya nje, peleka cheti zahanati ya chuo kikathibitishwe, kisha toa nakala mbili. Moja iende idarani. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Karatasi halisi usiiache kwa mtu bila sababu. Msiba au dharura ya nyumbani inahitaji ruhusa ya Mshauri wa Wanafunzi kabla ya kusafiri, na barua fupi inatosha: jina, namba ya usajili, kozi, sababu, tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Kumtumia CR (mwakilishi wa darasa) ujumbe wa WhatsApp si ruhusa. Hata CR mwenyewe hana mamlaka hayo.

Ila usiichukulie ED kama saini. Sehemu nyingi kipindi ulichokosa kwa ruhusa kinabaki kimekosekana. Karatasi hiyo inakupa hoja ya kusikilizwa, na haki ya kuomba jaribio ulilokosa ambalo vinginevyo lingekuwa sifuri. Ukiona ugonjwa utakula wiki nne au zaidi, omba kuahirisha masomo mapema, kabla mitihani haijafika. Anayeahirisha kwa utaratibu hurudi na rekodi safi. Anayezuiwa mtihani huishia kukari kozi, yaani kuibeba kwenda mwaka unaofuata, na mara nyingi huirudia yote pamoja na majaribio yake.

Maabara na mazoezi ya wodini ni kali zaidi. Kifaa kimeandaliwa siku ile, mgonjwa yuko pale siku ile, hakuna wa kukurudishia.

Wiki ya 9 au 10, muombe mwalimu wa kozi uione rekodi yako. Nenda na daftari la tarehe ulizohudhuria, picha za skrini na nakala zenye muhuri. Wakati huo karatasi bado ziko mezani kwake na kosa linarekebishika kwa kalamu. Zikishapelekwa idarani, utaandika barua ya rufaa huku wenzako wakijisomea vimbwetani, kwenye meza na viti vya nje.