SOMO: Ufunguo unawasha gari leo, kesho unagoma. Anzia hapa kabla hujanunua kitu

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, na karibu kila anayeuliza anakuwa ameshanunua kisichohusika: betri ya rimoti, stata (mota inayozungusha injini ili iwake), hata swichi nzima. Naliandika mara moja, hatua kwa hatua. Atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kwanza, jua unachokishika mkononi. Ufunguo wa gari la kisasa ni vitu vitatu ndani ya kava moja. Kuna chuma kinachozungusha swichi. Kuna rimoti ya milango, inayotumia kibetri cha volti 3. Halafu kuna chipu ya imobilaiza (mfumo unaozuia gari lisiwake kwa ufunguo lisioutambua), na hii haina betri kabisa: antena iliyozunguka tundu la swichi huipa nguvu kwa mawimbi, nayo chipu inajibu kwa kujitambulisha. Kwa hiyo rimoti inaweza kufa na gari likawaka vizuri, na rimoti inaweza kufungua milango yote na gari likagoma. Usijidanganye pia kwamba ufunguo usio na vitufe hauna chipu. Ulaya iliyafanya magari mapya yawe na imobilaiza kwa lazima tangu 1998, na funguo nyingi za miaka ile ni plastiki nyeusi tu isiyo na kitufe hata kimoja, lakini chipu imo.

Hatua ya 1. Angalia gari linafanya nini hasa likigoma. "Haliwaki" si maelezo. Ufunguo hauzunguki? Shida ni chuma, tundu, au usukani umejifunga (chezesha usukani huku ukizungusha taratibu, usitumie nguvu, chuma kitakatikia humo). Injini inashika sekunde moja au mbili kisha inazima, na taa yenye alama ya ufunguo inapepesa? Hiyo ni imobilaiza. Kuna magari ambayo imobilaiza inazuia hata stata isipige, kwa hiyo iangalie taa hiyo kila mara. Taa za dashibodi zinafifia na unasikia tak-tak-tak-tak? Umeme mdogo. Dashibodi inawaka vizuri, unasikia tak moja au kimya? Stata, rilei (swichi ndogo inayopeleka umeme), au swichi ya umeme iliyo nyuma ya tundu la ufunguo.

Hatua ya 2. Gari la otomatiki: jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Likikubali N tu, ufunguo wako hauna kosa.

Hatua ya 3. Pima betri kubwa kwa mita. Iliyojaa na kutulia ni kama volti 12.6, ikisoma 12.0 imeisha. Mtu akipiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Safisha vichwa vya betri na uvikaze.

Hatua ya 4. Tumia ufunguo wa akiba. Hapa watu wengi wanakosea, kwa sababu wanaujaribu mara moja, gari linawaka, wanahitimisha kwamba wa kwanza ni mbovu. Tatizo la kuja na kuondoka halipimwi mara moja. Utumie wa akiba peke yake kwa siku kadhaa, na ule mwingine uache nyumbani. Usizifunge pamoja. Chipu mbili zikikaribiana kwenye antena moja zinaweza kugongana, na utakuwa umetengeneza tatizo jipya juu ya lile la zamani. Wa akiba usipogoma, umeshampata mkosaji. Funguo zote mbili zikigoma sawasawa, acha kufungua kava, nenda hatua ya 7.

Hatua ya 5. Angalia chuma. Weka funguo mbili sambamba kwenye mwanga. Meno yaliyolika yataonekana. Usichongeshe ufunguo mpya kwa kunakili uliolika, utapata ufunguo mpya wenye uchakavu uleule. Uchongwe kwa namba ya ufunguo, ile iliyokuja na gari kwenye kibati kidogo.

Hatua ya 6. Chipu na kava. Hapa niliumia mwenyewe, someni kwa utulivu. Kava langu lilikuwa limepasuka, nikanunua jipya. Nikahamisha chuma, nikahamisha kipande cha saketi chenye vitufe, nikabonyeza, milango ikafunguka, nikatupa kava la zamani. Gari liliwaka sekunde mbili likazima. Kwenye ufunguo wangu chipu haikuwa kwenye saketi. Ilikuwa kipande cheusi kidogo kuliko punje ya mahindi, kimejibana kwenye kijishimo cha plastiki, kwenye kava nililotupa. Niliikuta kwenye taka, nikaibandika kwa gundi mahali palipokuwa na nafasi, upande wa mbali na shina la chuma. Hapo ndipo mateso yenyewe yalipoanza: asubuhi gari linawaka, jioni linagoma, nikizungusha ufunguo polepole linakubali. Wiki tatu nilikuwa nashuku stata. Chipu ilikuwa nzima, ila imekaa mbali kidogo na antena na imelala vibaya. Nilipoirudisha mahali pake karibu na shina, halijagoma tena.

Kwa hiyo: piga picha kabla hujatoa chochote. Usitupe kava la zamani mpaka gari limewaka mara kumi. Chipu nyingine ni kioo chembamba, usiibane kwa koleo, usiipashe moto, usiing'oe kwa bisibisi. Ikikatalia ndani, kata plastiki pembeni yake, kava si kitu. Na kama ufunguo uliwahi kuanguka sakafuni muda mfupi kabla tatizo halijaanza, shuku chipu iliyopasuka.

Hatua ya 7. Funguo zote zinagoma na taa inapepesa: plagi ya antena kwenye tundu, waya wake, kisha peleka gari lisomwe kwa mashine. Ukitikisa ufunguo ukiwa umewashwa na dashibodi nzima inazima na kuwaka: swichi ya umeme nyuma ya tundu imechoka.

MASWALI

Bonde_la_Upepo: Mkuu gari yangu inawaka inagoma, msaada tafadhali, nina haraka.

Mwandishi: Hatua ya 1. Njoo na jibu.

Bonde_la_Upepo: Nimebadilisha betri ya rimoti bado tu.

Mwandishi: Aya ya pili, sentensi ya tano. Sitairudia.

Spana_Kumi: Langu ni la kuwasha kwa kitufe, na nilipoweka betri mpya kwenye ufunguo likapona. Sasa unasemaje betri haihusiki?

Mwandishi: Sikusema hivyo. Nimesema chipu haitumii betri, na somo ni la ufunguo wa kuzungusha. La kitufe linautafuta ufunguo kwa mawimbi, na ufunguo unahitaji betri yake ili ujibu. Betri ikiisha kabisa, magari mengi bado yanakubali ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe chenyewe au mahali palipotajwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu ndani yake mna chipu ileile isiyo na betri. Jingine kwa ninyi wa kitufe: mtu aangalie taa za breki unapokanyaga. Zisipowaka, swichi ya breki inaweza kuwa ndiyo inayokunyima stata.

Mama_Gari: Kaka, asante kwa somo. Langu asubuhi halina shida. Nikiendesha saa nzima, nikazima dakika tano, nikirudi ni tak moja. Likipoa linawaka. Taa ya ufunguo haipepesi. Nimejaribu funguo zote mbili, hali ni hiyohiyo.

Mwandishi: Dada, umeshafanya nusu ya kazi. Funguo mbili, taa imetulia, na kugoma kunafuata joto: achana na ufunguo. Stata inakaa jirani na injini, na shaba ikipata moto inazidi kuzuia umeme, hivyo stata iliyochoka au waya wenye kutu unaozidiwa kidogo asubuhi unashindwa kabisa mchana. Kabla hujanunua stata, fanya hivi gari likiwa limegoma: weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mtu azungushe ufunguo. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ardhi ni mbovu. Ikiwa chini ya hapo, pima hivyohivyo upande wa chanya mpaka kwenye stata. Ukipata namba zilete tuziangalie.

Mzee_wa_Safari: Mimi tundu likigoma napulizia mafuta tu, miaka yote. Mnakuza mambo.

Mwandishi: Mzee wangu, shikamoo. Mafuta yanalainisha siku hiyo, kisha yanashika vumbi na kuwa tope kwenye vijipini vya ndani. Nimefungua matundu ya hivyo, nayaosha mpaka maji yanakuwa meusi. Tumia unga wa grafiti, kidogo sana.

Kijana_wa_Mita: Nyongeza. Rimoti yangu ilikuwa inashika na kuachia, kumbe niliuziwa CR2025 badala ya CR2032. Upana ni uleule, lakini 2032 ina unene wa milimita 3.2 na 2025 ni 2.5, ikawa haigusi vizuri.

Mwandishi: Hii sikuiwaza, ahsante sana. Naiongeza juu.

Mama_Gari: Nimepima. Upande wa hasi 1.4.

Mwandishi: Usinunue stata. Fuata ule waya wa ardhi mpaka unapofungwa kwenye injini, fungua nati, piga msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, ufunge, upime tena gari likiwa la moto.

Mama_Gari: 0.2. Limewaka mara sita mfululizo likiwa la moto.