Kikundi cha Mombasa kikitaka kusikika kwenye Baraza la Usalama

Vikundi vya amani vya Likoni na Kisauni mara nyingi huanza kwa kuomba hadhi ya ushauri ya ECOSOC, Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa, vikidhani ndiyo tiketi ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Sivyo. Hadhi hiyo huwapa vitambulisho vya kuingia majengo ya New York, Geneva na Vienna. Barazani mnaalikwa na nchi mwanachama.

Basi anzeni na nchi. Tangu 1992 kuna vikao vya Arria, mikutano isiyo rasmi ya wanachama wa Baraza la Usalama: mwanachama yeyote kati ya 15 huweza kukiitisha, na wasio wa serikali huzungumza. Afrika ina viti 3. Waandikieni wawakilishi wake New York miezi miwili au mitatu kabla. Ukurasa mmoja: kinachotokea, wapi, na jambo moja mnaloomba. "Saidieni amani Pwani" haiombi kitu. "Ripoti ijayo kuhusu Somalia ieleze jinsi wanawake wa mpakani wanavyoshirikishwa" ina pa kushika, hasa mkitaja azimio la Baraza 1325 la 2000, kuhusu wanawake na amani. Vijana watumie lao, 2250 la 2015.

Majina ya mashahidi yasiwemo kwenye ukurasa huo, hata wenyewe wakikubali. Na jina peke yake si tatizo: mkiandika "mama muuza nazi wa Mtongwe aliyepotelewa na mwanawe", mtaa mzima ushamjua.

ECOSOC bado ina faida. Maombi hufungwa 1 Juni, kwa Kiingereza au Kifaransa, na muwe mmesajiliwa miaka 2. Kinachoangusha wengi ni karatasi: cheti kinasema "kikundi", katiba inasema "jumuiya". Swali la mjumbe mmoja tu kati ya 19 wa kamati inayopitia maombi laweza kuwasukuma hadi kikao kijacho.

Addis Ababa, kwenye Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika, ni kugumu zaidi, na kwa maoni yetu si haki. Utaratibu wa Livingstone wa 2008, unaoongoza jinsi baraza hilo linavyokutana na asasi za kiraia, unafuata masharti ya Baraza la Uchumi, Jamii na Utamaduni la Umoja wa Afrika: usajili wa miaka 3, na angalau nusu ya fedha itokane na michango ya wanachama. Vikundi vyetu vinavyoishi kwa ufadhili hukwama hapo. Ada ya kila mwezi ipitie M-Pesa ya kikundi, si simu ya mweka hazina, ili taarifa ya miamala iwe ushahidi. Msipofikia nusu, pitieni mtandao wa kanda uliokidhi masharti, na rasimu yake muisome kabla haijatumwa, kwani nafasi ikibana ombi la mji mmoja ndilo hukatwa kwanza.