Popo wa Pemba wakihamia shambani kwako

Kama una shamba Pemba lenye miti mikubwa, basi cha kwanza usikate ule mvule mkongwe, maana popo wetu hawa hawapo pengine popote duniani, wako Pemba tu, na mchana wanalala wakining'inia huko juu. Usiwapigie makelele wala kurusha mawe, wakishtuliwa kila siku wanahama. Kichaka cha chini kiache, moto usiwashe kabisa. Embe za kileleni waachie jamani, usiku wanabeba mbegu wanaziangusha mbali huko, miti inaota yenyewe bure! Ukipanda mipya weka na mikuyu, kuyu wanazila sana. Nenda Kidike, hukohuko Pemba kwenye makao ya popo hawa, ukaone wenyeji wanavyowalinda, mi kila nikienda nafurahi mno.